Mwenyekiti, Msimamizi na Mtaro wa Lihungu

Asubuhi katika kitongoji cha Lihungu huanza kwa milio ya ndoo. Kitongoji kiko upande wa milimani ukitoka Makambako kwenda Njombe. Chemchemi yake iko juu, ndani ya msitu wa misindano. Wanawake hupanda na ndoo tupu, hushuka na ndoo zilizojaa. Njia ina utelezi, na ukungu wa huko hauna haraka ya kuondoka.

Idda, mke wa Ebeneza, aliteleza kwenye njia hiyo akaumia nyonga. Tangu hapo alitembea akichechemea. Hata hivyo, kila alfajiri alijifunga kanga, akachukua ndoo, akapanda.

Ebeneza alikuwa mkulima wa viazi na mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyewaambia majirani, "Chemchemi iko juu yetu. Tukichimba mtaro na kutandaza mabomba, maji yatashuka yenyewe mpaka milangoni." Watu walikubali. Wakamfanya mwenyekiti. Kila kaya ilichangia mazao, mabomba yakanunuliwa. Kazi iliyobaki ilikuwa mtaro.

Mtaro waliuchimba kwa mgowo, kama walivyozoea. Kwenye mgowo mwenye kazi hupika, majirani huja na majembe, na kazi huisha kwa nyimbo na utani. Kila Jumamosi kaya moja ilipika, watu wakachimba mbele ya nyumba hiyo. Ebeneza alizunguka amevaa koti lake jeusi, akisema, "Vizuri, vizuri." Aliyemuuliza kazi imefika wapi alijibiwa, "Kazi inaendelea."

Mwezi wa nne fundi Fredy alifika kutoka Makambako na pikapu iliyobeba mabomba. Alipanda na Ebeneza mpaka kwenye chemchemi, kisha wakaanza kushuka wakifuata mtaro. Msituni hapakuwa na mtaro. Mbele ya nyumba ya Eufrasia ulikuwepo, umenyooka, kina cha kufika kiunoni. Nyumba iliyofuata, ulifika magotini. Kisha ukaisha. Ukaanza tena kwa Nahumu, jirani mpenda utani, safi kabisa.

"Mwenyekiti, hapa katikati vipi?" Fredy aliuliza.

"Hapa bado kidogo."

"Na kule msituni?"

"Kule pia bado kidogo."

Fredy alivua kofia, akakuna kichwa. "Mzee wangu, maji hayaruki kama chura."

Ebeneza alitazama mtaro wote kwa mara ya kwanza, akaelewa kilichotokea. Watu walikuwa wamechimba kwa kufuata vyungu. Eufrasia, aliyeolewa kutoka Uwemba, alipika kande zenye maharage mengi, na togwa yake ilikuwa tamu. Hapo watu walichimba mpaka kiunoni. Palipopikwa uji mwepesi walichimba mpaka magotini. Na msituni, kusikokuwa na nyumba wala chungu, hakuchimba mtu.

"Sasa mimi nakwenda Bulongwa, nina kazi huko," Fredy alisema. "Nitarudi mwisho wa Juni, nikae wiki moja tu. Nikikuta mtaro umekamilika, natandaza. Nikikuta vipande vipande, tutaonana mwakani."

Jioni ile Idda alisikia neno mwakani. Aliendelea kukanda nyonga yake kwa maji ya moto.

Jumapili baada ya ibada watu walikutana uani kwa Nahumu. Kila mtu alimnyooshea mwenzake kidole. Ndipo Mzee Manase akasimama. Alikuwa mstaafu wa reli, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye genge la kutengeneza njia ya treni. Hakuna mtu Lihungu ambaye hakulijua hilo, maana alilisema kila alipopata nafasi.

"Sasa msikilizeni mtu wa reli," alianza.

"Tunakusikiliza tangu ulipostaafu," Nahumu alisema. Watu wakacheka.

"Chekeni. Treni zimepita kwenye kipande changu miaka yote, na hazikuanguka." Manase alichora mstari mrefu ardhini kwa fimbo. "Hii ni reli. Hakuna anayesema, haya twendeni wote tukatengeneze reli. Kila genge lina kipande chake, kina mwanzo na mwisho. Bolti ikilegea kwenye kipande changu, siwezi kusema ni ya jirani. Nyinyi mtaro wenu hauna mwenyewe. Ni wa watu wote, kwa hiyo si wa mtu yeyote."

"Tufanyeje basi?" Eufrasia aliuliza.

"Kwanza tuseme tunataka nini. Msiniambie tunataka maji, hayo hata ng'ombe anayataka. Semeni hivi: kufika mwisho wa Juni, mtaro uwe umechimbwa kutoka chemchemi mpaka nyumba ya mwisho, wote kina cha kiunoni, bila kuacha pengo. Hapo tutajua kama tumefika au hatujafika. Kisha tuugawe. Kila kaya ipate kipande na siku ya kukimaliza. Penye udongo mgumu kipande kiwe kifupi. Tuanze na pagumu, tusipaache mwisho. Halafu tukutane mara kwa mara tuambiane tulipofika. Reli ikiharibika husemi treni ikishaanguka. Unasema mapema."

"Na atakayesimamia?" mtu mmoja aliuliza. "Si mwenyekiti?"

"Mwenyekiti ana kazi yake," Manase alijibu. "Anaitisha mikutano. Anaongea na serikali ya kijiji. Tukitaka kupita kwenye shamba la mtu, yeye ndiye anayekwenda kuomba. Tukibishana, anaamua. Msimamizi anashika kazi ya kila siku. Nani anachimba wapi, nani amebaki nyuma, sururu iko kwa nani. Mtu mmoja akibeba vyote, vingine vitamponyoka. Tumeona."

Ebeneza hakulipenda lile neno tumeona. Lakini alijiambia kuwa watu hawa wangerudi kwake tu. Alikuwa ameshakohoa ili koo liwe safi la kupokea uteuzi.

"Mimi namtaja Mama Aneth," Eufrasia alisema.

Mama Aneth ni Idda. Aneth ni binti yao wa kwanza, aliyeolewa Makambako.

"Sikukuu ya mavuno yeye ndiye aliyepanga wapishi, kuni na sahani za usharika mzima," Eufrasia aliendelea. "Hakuna aliyekosa chakula, na hakuna sahani iliyopotea."

Mikono ikanyooshwa. Ebeneza alitazama ile mikono, akatazama mke wake. Naye akanyoosha mkono wake, taratibu, kama mtu anayenyanyua gunia. Nahumu alipewa kazi ya kutunza zana.

Njiani kurudi nyumbani, Idda alisema, "Baba Aneth, sikuomba mimi."

"Hongera," Ebeneza alisema. Neno lilitoka kama mwiba wa samaki.

Kesho yake Idda alipima njia yote kwa kamba pamoja na Mzee Manase, wakapigilia vigingi vya mianzi kuonyesha mipaka ya vipande. Idda aliandika majina ya kaya kwenye karatasi kubwa ya katoni, na mbele ya kila jina kipande na siku ya kumaliza. Akaitundika barazani kwa Nahumu ili kila mtu aione. Walikubaliana kukutana hapo kila Jumatano na Jumamosi jioni. Kila kaya ingesema imemaliza nini, imebakiza nini, na imezuiwa na nini.

"Na wewe, Baba Aneth, nikupe kipande gani?" Idda aliuliza.

"Cha juu kabisa, kwenye chemchemi. Mwenyekiti hawezi kuchimba mkiani."

Kuanzia hapo nyumba ya Ebeneza ikawa na wageni wengi. Mgeni alibisha hodi, Ebeneza akatoka na koti lake.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Karibu."

"Ahsante. Mama yupo?"

Huyu amevunja mpini, anamtaka Mama Aneth. Yule ana mgonjwa, anaomba kubadilishana siku na jirani, anamtaka Mama Aneth. Ebeneza alikaa kwenye kigoda mlangoni kwake mwenyewe kama mlinzi wa ofisi ya mtu mwingine. Alimsikia mke wake jikoni akisema, "Sawa, wewe utaanza Alhamisi, nitamwambia jirani yako," na mgeni akiondoka anafurahi. Kila furaha ya mgeni ilimchoma kifuani.

Dukani nako hapakuwa na raha. "Mwenyekiti, leo umeomba ruhusa kwa bosi?" Nahumu alimtania. Ebeneza alicheka kidogo, akaondoka bila kununua chumvi aliyotumwa.

Wivu ulimpanda kichwani. Aliposikia kwamba mtaro wa kaya fulani umenyooka, alisema, "Mvua ikija utabomoka." Siku moja kingo za mtaro wa Nahumu zilibomoka kweli. Ebeneza alikwenda kumpa pole, na moyoni alihisi utamu ambao hakuthubutu kuutaja hata kwenye sala. Lakini Idda alihamisha watu wawili, na kufika kesho yake jioni mtaro wa Nahumu ulikuwa umetengenezwa tena. Utamu ule ukaisha.

Wiki iliyofuata, kipande cha Ebeneza kilikutana na jiwe.

Alipiga sururu, ikatoa cheche. Alichimba kando, jiwe likaendelea. Alichukua mtaimbo, akapiga mpaka viganja vikavimba. Jiwe halikutikisika. Lilikuwa mwamba, umelala chini ya udongo kuvuka njia yote.

Alikaa juu ya lundo la udongo. Jambo la kufanya lilikuwa wazi: jioni ile aseme barazani kwamba amezuiwa. Lakini angemwambia nani? Msimamizi. Mbele ya watu wote, mwenyekiti amtazame mke wake na kusema ameshindwa. Na Nahumu awepo.

Alikata matawi ya msindano, akayatandaza juu ya jiwe.

Jioni Idda alianza na kichwa cha mtaro, kama kawaida. "Kipande cha mwenyekiti?"

"Kazi inaendelea," Ebeneza alisema.

Idda alimtazama kidogo, kisha akageukia jina lililofuata. "Eufrasia?"

"Kazi inaendelea," Eufrasia alisema.

"Nahumu?"

"Kazi inaendelea."

Jumatano iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Na Jumamosi pia.

Baada ya mkutano huo Mzee Manase alimfuata Idda nyuma ya nyumba. "Mama Aneth, naona unapita kila kipande kukagua. Mbona cha mwenyekiti hujawahi kukifikia?"

"Ni mume wangu, mzee. Nikimkagua watu watasema nini?"

"Na kipande chake kisipokamilika watasema nini?" Manase alisema. "Treni haijali nani ni mume wa nani. Ikifika palipokatika inaanguka. Neno inaendelea si taarifa, mama. Hata konokono anaendelea."

Jumatatu asubuhi Idda alipanda msituni akichechemea. Ebeneza alimsikia akija, akasimama mbele ya yale matawi.

"Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kukagua kipande."

"Unanikagua mimi?"

"Nakagua kipande," Idda alirudia. Akainama, akavuta tawi moja. Akavuta la pili. Jiwe likaonekana, limechubuka kwa mapigo ya sururu. Akatazama viganja vya mume wake. "Tangu lini?"

Ebeneza alivificha viganja nyuma ya mgongo.

"Baba Aneth, fundi amekaribia kurudi. Tangu lini?"

"Tangu wakati ule walipokuwa wanakusifu kwa mtaro wa Nahumu," Ebeneza alisema, na alipoanza hakuweza kuacha. "Wanakuja nyumbani kwangu, wananisalimia, wanauliza mama yupo. Wazo la maji lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyesema tuchimbe. Sasa nije nisimame pale barazani niseme, mama, nimeshindwa?"

Idda alikaa juu ya udongo, maana nyonga ilikuwa inamuuma.

"Wakiniuliza mimi, wananiuliza kuhusu sururu na zamu," alisema. "Unadhani ni heshima? Nalala nikihesabu mipini. Wewe unaona sifa, mimi naona mzigo." Akaonyesha upande wa chini. "Jiwe hili halivunjiki. Njia lazima izunguke. Na ikizunguka itapita katikati ya parachichi za Nahumu. Mimi nikimwomba, atanipa maneno matamu na mtaro hatanipa. Hiyo si kazi ya msimamizi. Ni kazi ya mwenyekiti. Ungeniambia siku ya kwanza, ningekutuma siku ya kwanza."

"Unitume?"

"Nikuombe, basi. Utakwenda au hutakwenda?"

Ebeneza alitazama shamba la Nahumu kule chini. Ile miche ya parachichi ilikuwa imeshika vizuri kuliko yake, na hilo nalo lilikuwa limemuuma kwa muda mrefu. Akachukua koti lake kwenye tawi, akashuka.

Nahumu alikuwa anapalilia. "Karibu, mwenyekiti. Bosi amekutuma?"

"Amenituma," Ebeneza alisema. Nahumu akaacha kupalilia. "Juu kuna mwamba. Nimeuficha kwa matawi zaidi ya wiki sasa. Bila kupita kwako, maji hayashuki. Hayatashuka kwangu, na kwako hayatafika. Nakuomba njia."

Nahumu aliegemea jembe, akatazama miche yake. Kisha akatembea na Ebeneza katikati ya mistari ya miche. Walichagua mahali ambapo mizizi isingekatwa. Nahumu alitoa masharti yake: watu wachimbe yeye akiwepo, na udongo urudishwe mara tu bomba likilala. Ebeneza alikubali kila sharti na kulirudia kwa sauti, ili wote wawili walikumbuke.

"Na mimi nikwambie," Nahumu alisema walipoachana. "Kazi kwenye kipande changu imesimama. Maji yanachuruzika ndani kutoka ubavuni. Nilipokusikia wewe unasema inaendelea, niliona aibu kusema kwamba changu kimekwama."

Maneno hayo Ebeneza alipanda nayo mlima mzima.

Jumatano jioni Idda aliposema, "Kipande cha mwenyekiti," Ebeneza alisimama.

"Nimechimba nusu ya kwanza, imekamilika," alisema. "Nusu iliyobaki imezuiwa na mwamba. Niliujua mapema, nikauficha. Nimekwenda kwa Nahumu, ametupa njia ya kuzunguka. Njia mpya ni ndefu kuliko ya zamani. Peke yangu sitaimaliza kabla fundi hajafika. Nahitaji watu."

Ebeneza alisubiri kicheko. Hakuna aliyecheka.

"Kwangu mimi udongo unarudi kila usiku," Eufrasia alisema. "Nachimba asubuhi, kesho yake umejaa tena. Niliogopa kusema."

"Kwangu kuna maji," Nahumu alisema.

Mwingine akasema mwanawe mkubwa amekwenda Makambako kubeba mbao, kazi haijaguswa. Mwingine akasema sururu aliyopewa ni butu. Kumbe sehemu nyingi za mtaro zilikuwa zimekwama, na wenye vipande hivyo walikuwa wamejificha nyuma ya neno moja. Neno lenyewe walilichukua kwa mwenyekiti.

"Afadhali tumejua leo," Manase alisema. "Leo bado tunaweza kufanya kitu."

Idda alibandika katoni mpya. Waliomaliza vipande vyao aliwagawa: wengine kwenye njia ya kuzunguka mwamba, wengine kwa Eufrasia kuzuia kingo kwa mianzi, wengine kwa Nahumu kuchimba mfereji mdogo wa kutoa maji. Sururu butu alimpa Nahumu aipeleke kwa mhunzi. Ebeneza alimpigia fundi Fredy simu palepale, akamweleza kwamba njia imebadilika.

"Vizuri umeniambia," Fredy alisema. "Nitakuja na viungo vya kona. Bila hivyo ningefika nikakaa bure."

Siku zilizofuata watu walichimba kwa kuangalia katoni, wala si chungu. Hata hivyo Eufrasia alipika, kwa sababu ni Eufrasia. Chungu chake kilibebwa mpaka msituni na kuwekwa kwenye njia mpya, pagumu kuliko pote, na hapo ndipo watu walipokula. Ebeneza alichimba pamoja na wengine, koti likiwa limening'inia kwenye mti.

Fredy aliporudi, alipanda na Idda na Ebeneza wote wawili. Alishuka akipima kina kwa kijiti chake, kipande kwa kipande. Akafika nyumba ya mwisho. Hapo akageuka akamwambia msaidizi wake, "Shusha mabomba."

Siku maji yalipofika, koki ya kwanza ilikohoa hewa, ikatema matope, kisha ikamwaga maji safi. Wanawake waliweka ndoo. Idda aliweka yake, ikajaa mlangoni kwake, akainyanyua akaingia nayo ndani. Hatua chache tu. Ebeneza alimtazama mpaka alipopotea mlangoni.

Bado mkutano mmoja ulibaki. Mradi ukikamilika unahitaji wa kuutunza. Nahumu alimpendekeza Ebeneza awe msimamizi wa matunzo. Watu wakampigia makofi. Moyo wa Ebeneza uliruka, maana hicho ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo.

"Msimamizi abaki aliyepo," alisema. "Amezijua zana, amewajua watu. Mimi nipeni kazi ya kutembea njia ya bomba kila Jumamosi. Nitakachokiona, nitampelekea yeye."

Haikuwa rahisi kusema. Wivu si jiwe la kuzunguka mara moja likaisha, na hata siku ile ulikuwa naye.

Jumamosi moja alishuka kutoka msituni buti zikiwa na tope. Alimkuta Idda jikoni anasafisha mchele.

"Kwenye kona ya pili, chini ya mwamba, udongo umelowa," alisema. "Nimefukua. Kiungo kimelegea, bomba lenyewe ni zima. Nimefunga maji kule juu ili udongo usichimbike zaidi. Tunahitaji spana kubwa na mtu mmoja wa kunishikia."

Idda aliweka ungo chini. "Spana iko kwa Nahumu. Mwambie aje nayo yeye mwenyewe akushikie. Mpaka saa ngapi mtakuwa mmemaliza?"

"Saa tisa."

Saa tisa maji yalirudi.